Ua wa Mawe na Begi la Bibi

Mama alinikabidhi ua wa nyuma kwa sentensi moja. "Wewe si una shahada ya mipango miji? Haya, panga." Akachukua mkoba wake akaenda kazini Chamwino, akaniacha na eneo tupu nyuma ya nyumba: vumbi jekundu, kichuguu kimoja, na kijana ambaye tangu ahitimu hakuwa amepanga kitu chochote isipokuwa vyeti vyake kwenye bahasha.

Ua ulikuwa kwa ajili ya bibi, mama yake mama. Bibi alikuwa akiishi peke yake Kibakwe, kwenye nyumba iliyokaa ubavuni mwa kilima, na mwezi wa nne aliteleza kwenye tope nyuma ya jiko akavunjika kifundo cha mkono. Alikaa pale chini mpaka jirani alipokuja kuomba chumvi. Kuanzia siku hiyo simu yoyote iliyotoka Kibakwe ilimfanya mama asimame kwanza ndipo aipokee. Alimwomba bibi ahamie kwetu Dodoma mara tatu, akakataliwa mara tatu. Mara ya nne bibi alisema: "Nitakuja kutazama. Wiki mbili. Nikipaona pazuri tutaongea. Nisipopaona pazuri, mvua ikikaribia narudi kupanda."

Mama alisikia "nitakuja." Mimi nilisikia "kutazama." Nimekwenda kwenye usaili wa kutosha kujua kwamba mtu anayekuja kukutazama ameshaanza kukuandikia barua ya pole.

Mtu mwenye akili ya kawaida angepanda mti na kuweka kigoda. Mimi nilifanya utafiti. Nilikaa na simu siku nne nikitazama bustani za nchi ambazo mvua hunyesha mpaka watu wanailalamikia: vijia vya mawe, kuta fupi za mawe, benchi chini ya waridi, na bibi wa Kizungu anayekunywa chai bila chembe ya vumbi kwenye kikombe. Kisha nikafikiri kisomi. Bibi alianguka kwa sababu ya tope. Tope ni udongo na maji. Maji, hapa Dodoma, Mungu mwenyewe alikwisha kuyapunguza kadiri ilivyowezekana. Kwa hiyo kilichobaki kwangu kilikuwa kuondoa udongo. Kwa mantiki ya namna hii watu hupewa daraja la pili la juu.

Nilichora ramani tatu. Ua wote utandazwe pevingi, vile vitofali vya saruji vinavyoshikana, kuanzia mlangoni mpaka geti la nyuma, pasibaki hata kiganja kimoja cha ardhi. Uzungukwe na ukuta wa mawe unaofika magotini. Sakafu iwe na mteremko mdogo, usioonekana kwa macho, wa kupeleka maji yote kwenye kona moja. Nilimtembeza mama huku na huku akijifanya mzee ili nipime hatua zake, mpaka akaniuliza kama anahitaji na mkongojo. Niliogopa ukuta utaanguka. Nilipojihakikishia hautaanguka, nikaogopa nge watakaa kwenye nyufa za mawe. Nilipoamua nyufa zizibwe, nikaogopa ukuta usio na nyufa hautapumua, ingawa sijawahi kukutana na ukuta unaopumua.

Fundi wa mawe alikuwa Mgogo wa makamo, mtu wa kofia na maneno machache. Nilimlaki na ramani mkononi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, injinia. Hiyo karatasi ya nini?"

"Ramani ya ua."

Aliichukua, akaigeuza juu chini, akaigeuza tena. "Mlango uko wapi hapa?"

"Huo hapo."

"Basi nimeelewa." Akanirudishia, na hakuiomba tena mpaka kazi ilipokwisha.

Alijenga kwa mwendo wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Alishika kila jiwe akalizungusha, akalitazama huku na huku, akalizungusha tena. Nilipomuuliza anatafuta nini, alisema jiwe lina uso na lina kisogo, na ukiliweka kisogo mbele litakuangusha. Mimi huandika ujumbe wa maneno sita nikaufuta mara saba, kwa hiyo nilidhani nimempata ndugu yangu. Tofauti yetu ni kwamba yeye aligeuza jiwe mara tatu kisha akaliweka, na likakaa.

Siku ya kutandaza pevingi alisimama katikati ya udongo uliosawazishwa, akaniuliza, "Huyo bibi akishanawa, maji anamwaga wapi?"

"Kuna mteremko, fundi. Yanakwenda kwenye mfereji pale kwenye kona."

"Sijauliza yanakwenda wapi. Nimeuliza anamwaga wapi."

"Popote. Mteremko uko kila mahali."

Alinitazama kama anavyotazama jiwe, akitafuta uso. "Haya, injinia. Sisi tunatandaza." Udongo wote uliokwanguliwa, pamoja na kichuguu, yeye na vibarua wake wakaumwaga nje ya geti la nyuma. Kikawa kifusi kirefu kama ng'ombe aliyelala.

Samani nilizifuata Kizota. Kwenye karakana moja nilichagua viti vinne vya chuma vyenye migongo ya nakshi za majani, kama vile vya kwenye simu. Mchomeleaji aliinua miwani yake myeusi. "Vya ndani au vya nje?"

"Vya nje."

"Nje ya wapi? Nje ya Dodoma?"

Nilicheka kwa adabu, nikidhani ni mzaha wa kikazi. Vilipofika nyumbani niligundua kwamba ikifika saa nne asubuhi mtu angeweza kukaangia mayai juu yake, na ikifika saa sita angeweza kumkaanga kuku aliyeyataga. Nikanunua na vyungu vinne vikubwa vyeupe vya saruji, nikapanda maua meupe kwa sababu nilisoma kwamba rangi nyeupe hutuliza wazee. Mwisho, nikihofia bibi asije akakosa pa kujishika, nikasimika nguzo fupi pande mbili za kijia cha kutoka mlangoni hadi getini na kuziunganisha kwa mnyororo uliopakwa rangi nyeupe. Niliupiga picha ua ule kutoka kila kona. Nikarudi nikaupiga tena jua lilipopungua. Kama ningekuwa mimi bibi, nilijiambia, ningehamia siku hiyo hiyo.

Bibi aliwasili mwezi wa kumi na moja, wingu la kwanza likiwa halijaonekana. Alishuka na begi moja la bluu alilonunuliwa na mama miaka mingi nyuma. Zipu yake ilikuwa imekufa, na badala yake begi lilifungwa kwa kipande cha kitenge, fundo juu ya fundo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu." Kwetu bibi na mjukuu wa kiume hutaniana kama mke na mume, na bibi yangu hajawahi kukosa siku hata moja kazini. Alinishika mkono akaupima unene. "Umekonda. Huyu mke mwenzangu hakupikii?"

"Mama, usianze," alisema mama, lakini alikuwa anacheka. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, na tangu asubuhi alikuwa amefagia sebule mara tatu.

Tulimpa chai. Kisha mama akanikonyeza, na mimi nikafungua mlango wa nyuma kama mtu anayezindua daraja.

Bibi alisimama kizingitini. Alitazama pevingi ziking'aa, ukuta wa mawe umezunguka pande zote, vyungu vyeupe vinne kwenye pembe nne, maua meupe, nguzo fupi, mnyororo. Alishuka. Akatembea katikati ya kijia taratibu, mikono yake imekunjwa kifuani, bila kuugusa mnyororo. Alipofika mwisho aligeuka. Sauti yake ilikuwa ya upole kabisa.

"Mume wangu. Aliyelala hapa ni nani?"

"Hakuna aliyelala, bibi."

"Bado?"

Ningependa kuandika kwamba sikuelewa. Nilielewa papo hapo, na tangu dakika ile sijaweza kuuona ua ule kwa namna nyingine. Nimehudhuria misiba. Nimeyaona makaburi ya watu wenye uwezo, yaliyojengewa, yaliyowekewa vigae na ukuta mfupi, maua meupe pembeni na mnyororo mweupe wa kuzuia watu wasikanyage. Mwezi mzima nilikuwa nimejenga kaburi la familia, zuri, la kisasa, lenye mteremko wa maji, nikamwalika mzee aliyevunjika mkono aje aseme kama linamfaa. Na nikaliwekea viti vya wafiwa.

Mama aliingia ndani akakaa muda mrefu akichemsha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Kesho yake asubuhi bibi alichukua kigoda, kikombe na beseni lake la kunawia, akapita kaburini bila kugeuka, akafungua geti la nyuma na kwenda kukaa juu ya kifusi. Alikaa huko mpaka jua likazama. Siku ya pili vivyo hivyo. Majirani waliokwenda kwenye shughuli zao walimkuta bibi mzee ameketi juu ya rundo la udongo, nyuma yake nyumba yenye ukuta wa mawe ambao mtaa mzima ulikuja kuutazama ulipokuwa ukijengwa.

"Mbukwenyi, bibi!" jirani yetu mwenye mbuzi alimsalimia kwa Kigogo. "Mbona umekaa nje?"

"Ndani kuna msiba," bibi alisema.

"Pole sana! Nani tena?"

"Bado hawajaniambia."

Jirani alikuja mbio mpaka mlango wa mbele na kanga imefungwa kiunoni, tayari kusaidia kupika. Mama alimweleza akiwa amesimama nusu nyuma ya mlango.

Lakini nilichokitazama mimi kilikuwa begi. Bibi aliliweka karibu na mlango wa mbele, si chumbani alikotandikiwa. Kila asubuhi alifungua mafundo ya kitenge, akatoa nguo ya siku, akafunga tena, kwa nguvu, akisaidia kwa meno kwa sababu ya ule mkono. Mama alipiga simu kila mchana kutoka ofisini. Hakuuliza habari za nyumbani.

"Begi?"

"Lipo. Limefungwa."

"Haya."

Siku ya tisa mawingu yalikusanyika upande wa mashariki kisha yakatawanyika, kama vikao vingi vya mji huu. Bibi aliyafuata kwa macho mpaka yakaisha. "Kibakwe wameshatifua," alisema wakati wa chakula. "Jumamosi nitaondoka." Mama aliendelea kumega ugali akaulainisha mkononi, akaurudisha kwenye sahani. Baadaye nilimkuta jikoni ameegemea friji. Alisema tu, "Safari ile ni jirani alikuja kuomba chumvi. Je, angekuwa na chumvi?"

Nilifanya kila ambacho mtu mwenye elimu angefanya. Nilitengeneza orodha kwenye simu. Nikaondoa mnyororo, likawa kaburi la mtu asiye na uwezo. Nikahamisha vyungu vyote upande mmoja; likawa kaburi ambalo ndugu wamegombana. Nikaweka mito ya rangi kwenye viti vya chuma, na bibi alipopita aliuliza kama leo ndiyo arobaini. Hatimaye nikampigia fundi.

"Fundi, bibi anasema ni kaburi."

Alicheka. Alicheka mpaka nikasikia na wengine wanacheka, maana aliwasimulia wenzake papo hapo bila kukata simu.

"Sasa nifanyeje?"

"Maji anamwaga wapi?"

"Nje. Kwenye kile kifusi."

"Basi," alisema, na akakata.

"Basi" ile niliifikiria siku nzima. Inawezekana ilikuwa na maana ya "sina la kukusaidia." Inawezekana kulikuwa na mtu amemwita. Jioni nilitoka nikaenda kukitazama kifusi chenyewe, bibi akiwa ameingia kuoga. Pale pembeni ya alama za kigoda, mahali anapomwaga maji ya beseni kila asubuhi, udongo ulikuwa umelowa na kuwa mweusi. Palikuwa pamechipuka kitu, majani mawili manene, mche wa boga uliotokana na mbegu iliyotupwa na nani sijui. Bibi alikuwa ameuzungushia vijiti vitano ili mbuzi wa jirani wasiukanyage. Vijiti vitano vilivyochomekwa upande upande. Ukuta wangu ulikuwa na mawe sijui mangapi na haukuwa unalinda kitu.

Alhamisi asubuhi niliazima mtaimbo kwa jirani, nikasimama katikati ya ua kuchagua kitofali cha kutoa. Si jambo dogo. Pevingi hushikana kila moja na mwenzake, na nilitaka kile ambacho kikitoka hakitaharibu mpangilio. Nilikuwa nimeshazunguka mara ya nne niliposikia sauti mlangoni.

"Unazika au unafukua?"

"Natafuta udongo, bibi."

"Uliuweka wapi?"

"Nje."

"Na mimi nikaukuta huko huko." Alishuka na kikombe chake. Hakuniuliza zaidi. Aliinama akamwaga maji kidogo kizingitini, akasubiri. Maji yalisita, kisha yakaanza kutembea, mstari mwembamba ukipita kati ya vitofali, na yeye akaufuata polepole mpaka kwenye kona ya ukuta wa mawe, kwenye mfereji wangu. "Hapa. Toa hapa."

"Bibi, hapo ndipo maji yote yanapokwenda."

Alinitazama akisubiri nimalize. Nilikuwa nimemaliza. Ndipo nikasikia nilichokisema, na nikachomeka mtaimbo.

Kitofali cha kwanza kilinichukua muda mrefu na ngozi ya vidole viwili. Kilipotoka, vingine vilifuata kama meno ya mtoto. Chini kulikuwa na mchanga, na chini ya mchanga ule udongo mwekundu, umeshindiliwa mpaka unalia ukiupiga. Bibi alipiga magoti, akaunyofoa kwa ule mkono uliovunjika, akaupikicha. "Umeushindilia kama mtu anayeficha kitu," alisema. Kisha akakaa kwenye ukuta ili apumzike, akapapasa mawe kwa kiganja. "Huu ukuta kajenga nani?"

"Fundi."

"Nilijua si wewe."

Lilikuwa neno la kwanza la sifa tangu afike, na lilikwenda kwa mtu mwingine, lakini nililipokea kwa niaba yake.

Tulitoa vitofali ishirini siku ile. Ijumaa tukatoa safu mbili zaidi, tukarudisha udongo wa kifusi kwa beseni, na mche wa boga ukahamishwa na donge lake, bibi akiutangulia kama anasindikiza bwana harusi. Nilisikia uchungu kila kitofali kilipotoka. Ramani ya tatu ilikuwa imenichukua wiki nzima. Nilisikia pia kwamba kadiri ua wangu ulivyozidi kuharibika, ndivyo bibi alivyozidi kunituma, na mtu anayeondoka kesho hatumi watu hivi. Sikuthubutu kusema. Nina tabia ya kuharibu mambo kwa kuyasema.

Mchana alikwenda kwenye begi. Nilimfuata mpaka mlango wa sebule, nikajifanya natafuta chaja. Alifungua mafundo, akatoa nguo, akatoa nguo nyingine, akaendelea mpaka chini kabisa. Kutoka huko akatoa vifurushi vya vitambaa, kimoja kimoja, akavipanga sakafuni. Kunde. Maboga. Mlenda. Mtama kidogo. Mbegu.

"Bibi, hizi ulikuja nazo kutoka Kibakwe?"

"Ulitaka nije mikono mitupu?"

Nilisimama pale nikipiga hesabu. Mtu anayekuja kutazama kwa wiki mbili hafungi mbegu chini ya nguo zake. Alikuja akiwa ameamua, au nusu ameamua; akafika, akakuta mume wake hakumwachia hata pa kuchomeka kidole. Mbegu zililala mlangoni siku kumi na mbili, zimefungwa kwa meno, na mimi kila mchana nilikuwa naripoti kwa mama kwamba begi lipo.

Jumamosi basi la Kibakwe liliondoka, nadhani. Hakuna aliyelitaja. Mama alikunywa chai taratibu mno, akimtazama bibi juu ya ukingo wa kikombe, na bibi alikuwa akinilalamikia kwamba nimepanda kunde kwa kamba kana kwamba zitakaguliwa. Majani ya mlenda aliyochuma kwa jirani alikuwa ameyatandaza kwenye viti vyangu vya chuma. Alikiri kwamba hata mawe ya Kibakwe wanakoanikia mlenda hayakaushi haraka namna ile.

Jumatatu mchana simu iliita. Nilikuwa uani, upande ule ambao bado una pevingi.

"Begi?"

"Halipo mlangoni, mama."

Nilisikia kiti cha ofisini kikisukumwa nyuma. Alikuwa amesimama. "Amekwenda stendi?"

"Amekwenda kwa jirani mwenye mbuzi. Amerudi nalo limejaa samadi."

Mama alianza kutembea na simu. Kwa nyuma nilisikia watu wa ofisini kwake wakizungumza, kisha mlango ukifungwa.

"Lile la bluu? Nililomnunulia mimi?"

"Ndilo. Mpaka juu. Limeanza kuchuruzika."

"Hilo halitapandishwa kwenye gari lolote tena," alisema, na sauti yake ilikuwa imelegea kama kamba iliyokatwa. "Ni samadi ya mbuzi tupu, au amechanganya na ya ng'ombe?"

Sikujua. Nilianza kufikiria kwa nini ananiuliza, na kama jibu moja lingekuwa na maana tofauti na lingine, lakini tone la kwanza lilinipiga shingoni, zito, likifuatiwa na jingine juu ya pevingi, na harufu ya vumbi lililoloa ikapanda. Kutoka kwenye kona ya ukuta bibi alikuwa ananiita huku amejifunika beseni kichwani.

"Mume wangu, acha simu! Maji hayo yanakuja! Toa hivi vitofali viwili, yapite!"

Nilimwambia mama nitampigia baadaye, nikashika mtaimbo.